Tawi la Mkwaju Njia Panda

Nina hasira za karibu. Nilizaliwa nazo, na mama alikuwa akisema kwamba nilitoka tumboni nimekwisha kunja uso. Nalitanguliza hili kwa sababu yote nitakayoyaeleza yametoka humo, na sitaki msomaji aanze kunihurumia kabla hajanijua.

Tulikaa Likoni, si kule kivukoni kwenye makelele ya watu na mizigo, bali ndani zaidi, katika shamba la minazi na mihogo alilotuachia baba. Tulikuwa wawili, mama na mimi. Dadangu, aliyenizidi miaka minne, alikuwa ameolewa Changamwe na mtu wa reli. Vita vya Wazungu vilikuwa vimekwisha punde, na sukari ilikuwa bado ya kutafutwa kwa tochi. Mimi nilikuwa mwari wa miaka kumi na saba, nina posa mbili nilizozikataa, na mdomo ambao mama alikuwa akiuombea dua.

Kuni tulizitoa msituni. Ulikuwa msitu wa serikali, kusini kwetu, unaanzia pale mashamba yanapokoma, na mpaka wake ulionyeshwa kwa vigingi vilivyopakwa chokaa. Wanawake tuliruhusiwa kuingia siku moja tu katika juma, Jumanne, kuokota kuni kavu. Wakati wa vita wanajeshi waliutwaa upande wa bondeni wakawa wanajifunzia humo kupiga mizinga. Walipoondoka waliacha barabara pana ya malori, na waliacha pia vyuma vyao, vingine juu ya ardhi na vingine ndani, ambavyo vilikuwa havijalipuka. Upande ule ukafungwa.

Pale langoni serikali ilisimamisha ubao wenye maandishi meusi. Sisi tulikuwa tumesoma chuoni, Kurani tukiihitimu, lakini herufi zile za Kizungu hazikuwa zetu, na ubao ule tukautumia kuanikia leso zilizolowa umande. Aliyetufanya tujue yaliyomo alikuwa askari wa msitu. Alikuwa mtu mzima wa bara ya Mombasa, Mkristo, mrefu, mwenye koti la khaki lililopwaya mabegani, na sisi tukimwita Bwana Msitu. Kila Jumanne alitusimamisha pale langoni akatuhesabia masharti yake kama mwalimu: msiende peke yenu, msikate mti mbichi, msiokote chuma hata kiwe kizuri namna gani, na msishuke bondeni. Mtu akikata mbichi, alimfungulia mzigo wake wote akauacha pale pale. Mimi alinifungulia mara mbili. Nilimtukana kimoyomoyo hadi nyumbani.

Lakini alikuwa na akili. Aliuona ubao wake ukivaa leso, akajua hausomwi, basi akatumia alama yetu wenyewe. Kwetu watu wakiongozana na wengine wakabaki nyuma, aliyetangulia akifika njia panda hulaza tawi bichi kuikata ile njia asiyoifuata. Anayekuja nyuma akiliona hana haja ya kuuliza mtu. Lazima liwe bichi, maana tawi kavu huanguka lenyewe na halimwambii mtu neno. Ndani ya msitu, mbali kidogo na lango, njia ilikuwa inagawanyika: kulia kwenye kuni, kushoto bondeni. Bwana Msitu alikuwa na mkwaju mmoja nyuma ya kibanda chake, na kila Jumanne alfajiri alikata tawi la mkwaju ule, akaenda akalilaza kuikata njia ya kushoto. Hakutuma mtu. Kwa muda wote wa tawi lile hakuna mwanamke hata mmoja aliyeteremka bondeni.

Dadangu alikuja kututembelea na mwanawe wa miezi minane. Mtoto alikuwa ametoka katika homa, na mama alitaka amwone kwa macho yake. Nilifurahi alipokuja, wallahi nilifurahi, kwa siku tatu nzima. Siku ya nne nikaanza kuona jinsi mama anavyomwekea kipande cha samaki kilicho kinono. Siku ya nane nikawa sitaki hata kusikia anavyocheka. Alikuwa na kicheko cha kuanzia puani, na alicheka kwa kila kitu, hata kwa kununa kwangu.

Jumanne hiyo niliamka mapema nitafute ngata yangu. Ngata ni ule mviringo wa kitambaa tunaouweka kichwani chini ya mzigo, na yangu ilikuwa kipande cha leso kuukuu, laini, kilichokwisha kulijua fuvu langu. Sikuiona. Nikatoka uani, nikaiona kwenye kamba, inachuruzika maji.

"Ni wewe uliyechukua kitambaa changu?"

"Mtoto alichafuka usiku na winda zote zilikuwa mbichi," dadangu akasema. "Sikujua kama ni ngata yako. Nimekifua vizuri. Tukirudi kitakuwa kimekauka."

"Tukirudi! Na kuni nitazibeba kwa shingo?"

"Basi shika yangu hii." Akanitolea ngata yake mwenyewe, ya kaniki, aliyokuja nayo kutoka kwake. "Mimi mzigo wangu utakuwa mdogo, nitajikunjia upindo wa leso."

Nilimwambia akae na ngata yake. Nilimwambia na mengine, kwamba yeye ana mume na nyumba na bado aje kutwaa hata kitambaa cha mtu. Alinitazama akataka kucheka, akaona si mahali pake, akaichukua kamba yake. Mama alikuwa amempakata mjukuu wake mlangoni. Akaniita.

"Abee," nikaitika, maana hata hasira zangu zilikuwa na mpaka.

"Nduguyo hajaingia msitu ule tangu kabla ya vita. Mueleze njiani. Mueleze yote, hapa na hapa. Wanisikia?"

"Nasikia."

Tukatoka kabla ya wenzetu, kwa kuwa mimi sikutaka kungoja mtu. Nilitembea mbele kwa hatua kubwa. Yeye alikuwa nyuma na panga mkononi na kamba begani, akisimama hapa na pale kutazama mashamba aliyoyaacha akiwa msichana. "Mbona wenda mbio hivyo?" akaniuliza. Nikazidisha hatua. Akaniuliza siku hizi msituni tunapita wapi. Nikamwambia, "Njia utaiona." Hayo ndiyo niliyomwambia. Tangu nyumbani hadi langoni nilikuwa na nafasi ya kumweleza sheria zote za msitu, na kuzirudia, na kumtungia wimbo wake, na mimi nikampa maneno mawili.

Langoni hapakuwa na mtu. Kibanda kilikuwa kimefungwa nusu, moshi ukitoka nyuma. Nadhani alikuwa akipika uji wake, maana hakututazamia mapema vile. Nikapita bila kumbishia hodi. Dadangu alikuwa amebaki nyuma sana, hata nilipogeuka sikumwona kwa ajili ya miti.

Nilipofika njia panda nikaliona tawi. Lilikuwa limelazwa vizuri kuikata njia ya kushoto, kitako chake kimeegeshwa kwenye jiwe lisisogee, majani yake madogo yakiwa bado na umande. Nikasimama. Nilikuwa nawaza kichwa changu. Bila ngata mzigo wa kuni hukutoboa utosi, na tawi bichi lenye majani mengi likisokotwa huwa ngata nzuri. Lakini kukata bichi kulikatazwa, na safari ya tatu Bwana Msitu asingenifungulia mzigo tu, alikwisha kusema atanifukuza msituni kabisa. Na hapa palikuwa na tawi ambalo limekwisha kukatwa, si na mimi.

Nimelitafuta sana wazo nililokuwa nalo wakati ule. Nataka niseme nilisahau lile tawi ni la nini. Sikusahau. Nilijiambia kwamba njia ya kushoto kila mtu anaijua. Nilikuwa nazungumza habari za wanawake wa Jumanne, wanaokuja kila juma. Dadangu hakuwa mmoja wao, nami nilijua, ila siku hiyo sikuwa namhesabu. Nikaliokota tawi, nikalisokota huku natembea, nikaliweka kichwani, likakaa sawasawa. Nikashika njia ya kulia. Na kule kulaza tawi ambako hata mtoto wa kwetu humfanyia anayemfuata, sikufanya. Anitafute mwenyewe, nikasema.

Niliokota kuni kwa hasira na kwa hivyo niliokota nyingi. Nilimngoja aje anikute, aanze kucheka, nami nijitie kukasirika kidogo tena ndipo nicheke. Nilikuwa nimekwisha kumsamehe. Hili halimfai mtu yeyote sasa, lakini ni kweli: nilikuwa nimeinama nafunga mzigo, na moyoni nimekwisha kutengeneza maneno ya kumwambia, kwamba kile kitambaa amwachie mtoto.

Kishindo kilitoka bondeni. Kilikuwa kimoja tu. Ndege wote wakanyamaza, kisha wakaruka pamoja, na ardhi niliisikia kwenye nyayo.

Nilikimbia hadi njia panda. Barabara ya malori ilikuwa pana, imenyooka, safi, na kulia kilikuwa kijinjia chetu kilichofunikwa na majani. Mtu yeyote asiyeambiwa angeifuata ile pana. Juu ya mchanga zilikuwapo nyayo zake, zinakwenda bondeni bila haraka, na mahali pamoja alikuwa amesimama, nadhani akitafuta tawi huku na huku, kisha akaendelea. Mkono wangu ukapanda wenyewe kichwani. Nikaivua ile ngata ya mkwaju, nikaitupa mbali katika kichaka. Nilianza kuficha kabla sijajua kama yu hai.

Hakuwa hai. Sitaeleza nilivyomkuta. Ngata yake ya kaniki ilikuwa pembeni ya njia, nzima, imezungushwa vizuri.

Bwana Msitu alikuja mbio, koti wazi, pumzi zimemwisha. Alimfunika dadangu kwa lile koti lake. Kisha akasimama akageuka kutazama nyuma alikotoka, akasema, "Tawi. Tawi liko wapi? Nimelilaza leo kwa mikono yangu." Akaenda hadi njia panda akarudi, akaenda tena akarudi. Wenzetu wa Jumanne walikuwa wanaanza kufika, wakipiga mayowe, na kila mmoja alikuwa amepita pale pale asione tawi. Mmoja akamwambia, "Hakuna tawi, mzee. Umeua mtoto wa watu." Mimi nilikuwa nimekaa chini nimeshika mguu wa dadangu.

Tulimzika siku ile ile, jua halijachwa. Tulipofika naye nyumbani, kitambaa kilikuwa bado kwenye kamba. Kilikuwa kimekauka.

Siku ya tatu akaja Mzungu wa misitu na karani. Wakawauliza wanawake mmoja mmoja, nao wakasema kweli: walipofika hawakuliona tawi. Ikafika zamu yangu. Karani aliniuliza kwa upole, kwa kuwa nilikuwa mfiwa.

"Wewe ulitangulia. Uliliona tawi?"

Mama alikuwa ubavuni mwangu na mtoto mapajani, anatafuta ziwa la mtu ambaye hayupo. Nilimtazama mtoto, nikamtazama mama. Ningesema, mama angekuwa amezika watoto wawili. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya. Kweli ni kwamba niliogopa uso wake.

"Sikuliona," nikasema.

Bwana Msitu alisimama mbali kidogo, bila koti. Hakubisha. Alinitazama tu, bila hasira, kama mtu anayesikiliza habari zake mwenyewe kwa mara ya kwanza. Akaondolewa kazini siku ile.

Usiku wa tanga, mama alipokuwa akinisuka nywele ili nipate kulala, alinitoa kichwani vijani vidogo vya mkwaju. Aliviweka kwenye kiganja chake kimoja kimoja. Katika msitu ule hapakuwa na mkwaju ila ule wa nyuma ya kibanda. Mama alikuwa akiijua miti kuliko mimi. Alivimwaga nje ya dirisha, akaendelea kusuka, na mpaka alipokufa hakuniuliza wala sikumwambia. Sijui alijua nini. Ila tangu siku hiyo hakunituma tena kumwambia mtu neno lolote; alikwenda mwenyewe.

Siku ya arobaini tulisoma hitima. Watu walipokwisha kula, Bwana Msitu akaja. Alikaa nje barazani kwa sababu ndani kulikuwa na wanawake, akiwa na mzigo wake mdogo wa safari, kwani alikuwa anarudi kwao. Aliomba aonane na mama. Mama akatoka akakaa juu ya kigoda karibu na mlango, na mimi nikaambiwa nimletee mgeni maji.

"Mama," akasema, "nimekuja kuaga na kuomba radhi. Siku ile niliapa kwamba nililiweka. Nimelala nikafikiri, nimeamka nikafikiri. Jumanne zote zimefanana. Nakumbuka nakata tawi, nakumbuka nalilaza, nakumbuka naliegesha kwenye jiwe. Lakini labda ni la Jumanne nyingine ninalolikumbuka. Watu wote hawa hawawezi kuwa waongo. Labda sikuliweka, mama."

Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake na kata ya maji. Aliipokea kwa mikono miwili. "Ahsante, mwanangu," akaniambia, "pole sana na nduguyo." Akanywa yote.

Mama akamwambia aende salama, na kwamba Mungu ayaona yote. Aliposema hivyo hakumtazama yeye. Mzee akaweka kata chini, akainuka, akashika njia ya kivukoni. Nilimtazama mgongo mpaka minazi ilipomficha. Nilikuwa na sauti. Ilikuwa ni kuita tu.

Yule mtoto baba yake alituachia, nami ndiye niliyemlea. Nilimkubali mposaji wa tatu kwa sharti kwamba nakwenda na mtoto mgongoni, naye amekua akiniita mama, na wajukuu wake leo wananiita bibi. Kicheko chake chaanzia puani. Akiwa mdogo, kila tulipotoka nilimweleza njia hata ya kwenda dukani, hatua kwa hatua, mpaka wenzake wakawa wakimcheka. Yeye anadhani mama yake alikufa kwa kosa la mzee wa msitu. Ndivyo alivyoambiwa, na aliyemwambia ni mimi.

Baada ya miaka mingi, mama alipokwisha kufa, nilifunga safari kwenda bara kumtafuta yule mzee. Niliuliza boma kwa boma. Nilipofika kwake nilikuta mjane wake akipepeta mahindi. Nikamwamkia shikamoo, nikamwambia nimetoka Likoni, nilimjua mumewe alipokuwa msituni. Akafurahi, akaniketisha.

"Alikufa mwaka juzi," akasema. "Alikuwa mtu mwema ila alirudi na ugonjwa mmoja. Akifunga zizi la mbuzi, atarudi atazame kama amelifunga. Akizima moto, atarudi. Mara tatu, mara nne. Nikimwambia nimekuona ukifunga, ananiuliza, 'Una hakika si jana?' Watoto walikuwa wakimcheka. Mimi nilikuwa nikilia. Wewe wajua ni nini kilichompata huko?"

Aliniletea maji kwenye kata. Nikayapokea kwa mikono miwili, nikanywa yote, nikamwambia sijui.

Uzeeni nimejifunza zile herufi za ubao, katika kisomo cha watu wazima, pamoja na vikongwe wenzangu wanaoandika majina yao wakicheka. Nami nilitaka kuandika jambo moja tu, na limenichukua kurasa hizi zote kulifikia. Sasa mama hayupo wa kuuogopa uso wake, na mtoto amekwisha kuzeeka, atasomewa na wajukuu zake.

Uliliweka, mzee. Lilikuwa la mkwaju, lina umande, umeliegesha kwenye jiwe lisisogee. Ilikuwa Jumanne ile ile.